Taa za mchana si taa za ukungu: nililojifunza njia ya Nyeri

Julai iliyopita nilipanda Nyeri kwa harusi ya jamaa. Niliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, na kufika saa kumi jioni nilikuwa nimeshaiacha Sagana, barabara inaanza kupanda, manyunyu yanapiga kioo. Kabla ya Karatina ukungu ukanifunika. Sisi watu wa pwani ukungu tunausikia kwenye redio tu. Nikapunguza mwendo, nikatazama dashibodi, naona imewaka yote, na mbele ya boneti ule mwanga mweupe wa taa nilizofungiwa na fundi wetu wa Mombasa. Nikajiambia niko salama.

Nilisimama kituo cha mafuta baada ya Karatina. Lori lililokuwa nyuma yangu nalo likaingia, na dereva akashuka akaja moja kwa moja kwangu. Hakuwa na hasira, ila alikuwa ametoka jasho katika baridi ile. "Mzee, gari yako nyuma hakuna taa. Nimekuona ukiwa umbali wa hapa na pale. Kidogo nikupande." Nikamwambia taa zinawaka, si unaziona? Akanishika mkono, tukazunguka hadi nyuma. Mbele gari linameremeta kama bibi harusi, nyuma giza tupu. Watoto wangu wawili walikuwa wamelala kiti cha nyuma.

Tangu siku hiyo nimezungumza na madereva na mafundi wengi, wa huku na wa kule, na nimeona kosa langu ni la wengi. Mafundi wetu wa pwani wamo katika biashara ya kufunga taa hizi, na magari yetu mengi hupanda bara wakati wa likizo, misiba na harusi. Kwa hiyo naeleza nilichokielewa.

Taa za mchana, ambazo mafundi huziita DRL, kazi yake ni moja: anayekuja mbele yako akuone mapema. Hazikuonyeshi wewe njia, wala hazimwonyeshi chochote aliye nyuma yako. Wazo lilitoka nchi za kaskazini, ambako jua wakati wa baridi hukaa chini na mchana huwa kama magharibi yetu. Uswidi ilifanya taa za mchana kuwa lazima mwaka 1977. Umoja wa Ulaya ukaagiza kuanzia Februari 2011 aina mpya za magari madogo zitoke kiwandani zikiwa nazo. Zinawaka zenyewe ukiwasha injini, na ukiwasha taa kubwa zinazimika au zinafifia.

Je, huku kwetu kwenye jua la utosini zina faida? Faida yake kwetu ni ndogo kuliko kwao, hilo wataalamu hawabishani sana. Lakini aliyeendesha barabara za Nyeri atakubali kuna mahali zinasaidia: kona zenye miti mirefu pande zote mbili, unatoka juani unaingia kivulini ghafla, na gari la kijivu linalokuja kwenye lami ya kijivu huwezi kuliona mpaka limefika. Mimi sizipingi. Ninachokipinga ni kuzifanya badala ya taa nyingine.

Hapo ndipo mtego ulipo. Zamani dereva aliyesahau taa alijua upesi, kwa sababu dashibodi ilikuwa giza. Magari ya siku hizi dashibodi huwaka muda wote, na taa za mchana zinatupa mwanga mbele, basi mtu haoni dalili yoyote ya kumwambia kuwa nyuma hakuna kitu. Wakanada walilisumbukia jambo hili miaka mingi, wakayaita magari ya namna hiyo mazuka, na kuanzia Septemba 2021 wakaagiza magari mapya yachague moja: taa za nyuma ziwake pamoja na za mchana, au gari liwashe taa zote lenyewe giza likiingia, au dashibodi ibaki giza mpaka dereva awashe taa. Huku kwetu magari tunayonunua yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Kilindini, na taa za mchana tunaziongeza wenyewe mtaani. Hapo unabaki wewe na fundi wako tu.

Na msitegemee swichi ya "auto". Kijicho kile kwenye dashibodi hupima giza, hakipimi ukungu. Ukungu wa mchana ni mweupe na una mwanga, kwa hiyo gari linaona bado ni mchana na haliwashi kitu.

Ukungu wenyewe, kwa taarifa yenu, kwa sehemu kubwa ni mali yetu. Miezi ya Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma huku na ngalawa zinapumzika, upepo ule ule huchukua unyevu wa bahari na kuupandisha bara. Ukifika kwenye miinuko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya hupoa, ukawa mawingu mazito yanayokaa chini. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mara nyingi wewe hauko chini ya wingu, uko ndani yake. Ukiendelea Kiganjo, Naro Moru hadi Nanyuki pengine utakuta jua linawaka, kisha ukapanda Timau kuelekea Meru ukarudi ndani ya wingu tena. Barabara moja, asubuhi moja.

Sasa ukiwa ndani ya wingu hilo, washa taa za mbele za kawaida, zile tunazoziita dimu. Hizo zikiwaka na za nyuma zinawaka. Jambo hili lingetosha kuniokoa mimi na yule dereva wa lori. Fulu usiwashe. Ukungu ni matone madogo sana ya maji, na mwanga wa fulu unayapiga na kukurudia machoni, unaona ukuta mweupe. Wengi wakiona ukuta huo huongeza taa zaidi, na ukuta unazidi kuwa mweupe.

Taa za ukungu za mbele, zile fogi zilizo chini ya bampa, zimetengenezwa kukwepa jambo hilo. Zimewekwa chini, mwanga wake ni mpana na umekatwa juu kama kwa kisu, hivyo unapita chini ya macho yako na kukuonyesha ukingo wa lami na mstari. Hazifiki mbali, na hazikukusudiwa kufika. Ni za kwenda polepole. Mtu anayekimbia kilomita 80 kwa saa akitegemea fogi anajidanganya.

Mtaniuliza habari ya rangi, maana kila duka la vipuri litawaambia fogi ya manjano hupenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuweza kuchagua rangi, yanatawanya nyeupe na manjano karibu sawasawa. Wafaransa walilazimisha taa za manjano kwa miongo mingi mpaka 1993, kisha wakaziacha. Kama manjano inayapumzisha macho yako, itumie, lakini usilipe bei ya juu kwa ahadi ya kupenya. Cha kulipia ni taa yenye mkato safi, iliyofungwa ikiangalia chini vizuri.

Hapa niongeze neno kuhusu balbu za LED zinazochomekwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida ya waya. Kikombe cha taa kimepimwa kwa mahali hasa waya wa balbu unapokaa. Ukiweka LED ambayo chanzo chake cha mwanga kiko pengine kidogo, ule mkato unaharibika na mwanga unapanda juu. Kwako wewe inaonekana imeng'aa zaidi. Kwa anayekuja ni upofu, na kwenye ukungu inakurudia wewe mwenyewe. Nimeona matatu za njia ya Nyeri zina fogi za namna hiyo, na magari yetu ya Mombasa hayako nyuma.

Fogi ya nyuma ni habari nyingine. Ni taa moja au mbili nyekundu, kali sana kuliko taa za nyuma za kawaida, karibu sawa na ya breki. Magari yaliyotoka Uingereza huwa nayo kwa sababu huko ni lazima. Yaliyotoka Japani mengi hayana. Kama unayo, alama yake kwenye dashibodi huwaka rangi ya machungwa, na ya fogi za mbele huwaka kijani. Waingereza wanasema iwashwe tu usipoona zaidi ya mita 100, na Wajerumani wakali zaidi, chini ya mita 50. Kipimo chepesi: mita 100 ni kama uwanja wa mpira, goli hadi goli. Ukiweza kuliona goli la pili, izime. Ukiiacha iwake mvua ikiwa imekatika, unamuumiza macho aliye nyuma na kuificha breki yako.

Hazadi je? Huu ni ugonjwa wetu Wakenya wote. Ukungu ukishuka, msururu mzima unawasha hazadi huku magari yanakwenda. Sasa nani amesimama na nani anakwenda? Nani anakata kona kuingia soko la Karatina? Indiketa yako haisomeki tena. Hazadi ni ya gari lililosimama mahali pa hatari, au la kuwaonya walio nyuma ghafla kuwa mbele kumeziba, kisha unaizima.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa vipimo vya kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza, gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu linahitaji mita 53 kusimama, 15 za kufikiri na 38 za breki. Lami ikilowa, zile za breki zihesabu mara mbili. Jumla inafika mita 90 na kitu. Yule dereva wa lori hakuniona mpaka nilipokuwa karibu sana, na lori lililopakia husimama kwa shida kuliko gari dogo. Alinikosa kwa sababu alikuwa akienda polepole.

Kwa wanaotaka kufunga taa za mchana, basi zifungwe hivi. Waya usitoke moja kwa moja kwenye betri, utalala na asubuhi betri imekufa. Uchukuliwe mahali panapopata umeme ufunguo ukiwashwa, na uwe na fyuzi yake ndogo, ya ampea 3 au 5, karibu na chanzo. Zipo zinazouzwa na kisanduku kidogo kinachosikia injini imewaka, hizo ni nzuri. Waya wa pili uunganishwe na taa za pakingi, ili ukiwasha pakingi au dimu, za mchana zififie au zizime. Fundi wangu aliuacha waya huo ukining'inia. Hakunieleza, nami sikuuliza. Taa ziwe mbili, zilingane, zisikaribiane chini ya sentimita 60, na ziwe nyeupe. Za buluu zinazomemetameta waachieni polisi.

Kwetu pwani kuna adui mwingine, chumvi. Viungo vya waya vilivyofungwa kwa tepu tu huota kutu ya kijani kabla mwaka haujaisha, na waya wa ardhini uliobanwa juu ya rangi haushiki. Mwambie fundi akwangue rangi, abane kwenye chuma kitupu, apake grisi, na viungo vivalishwe mpira unaobana ukipashwa moto.

Unaweza pia kumwomba aunganishe taa za nyuma ziwake pamoja na za mchana, kama Wakanada. Mimi nilifanyiwa hivyo na fundi mmoja mjini Nyeri asubuhi baada ya harusi, chini ya nusu saa. Na asiye na pesa ya kufunga chochote hajakosa kitu: awashe dimu mchana, mbele na nyuma zote zitawaka, bila kukata waya hata mmoja. Azikumbuke tu kuzizima akifika.

Siku hizi nikipanda, nasimama Sagana kabla ya kilima. Narudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta wa kituo cha mafuta, nawasha dimu, natazama kwenye kioo kama ukuta umekuwa mwekundu pande zote mbili. Nakanyaga breki, wekundu unaongezeka. Mara ya mwisho upande wa kushoto haukuwaka. Balbu ilikuwa imeungua, sijui tangu lini. Nilinunua nyingine palepale, mtoto akashika tochi ya simu nikaibadilisha, tukaendelea.