Mzazi Kuwa Mwalimu Nyumbani

Mwezi Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 29 Juni. Katika miezi ile sisi tulio wachungaji tuliulizwa na wazazi wengi: Je, mtu aliyeishia darasa la saba aweza kumfundisha mwanawe? Shule zimefunguliwa, lakini swali halikwisha. Linarudi kila likizo, na kila mtoto anapougua kwa muda mrefu. Yafaa tulijibu.

Mwaka 1528 Martin Luther alizuru sharika za Saksonia, akakuta watu wasiojua hata Amri Kumi, na wachungaji wasioweza kufundisha. Hakungoja kwanza wapatikane wasomi. Mapema mwaka 1529 mafundisho yake yalitolewa katika karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, na mwaka huohuo yakawa kitabu tunachokiita Katekisimo Ndogo. Aliyekabidhiwa kazi ya kuyafundisha nyumbani ni baba mwenye nyumba, naye kwa kawaida alikuwa mkulima au fundi.

Katika utangulizi wake Luther aeleza utaratibu ambao twaweza kuutumia hata katika kusoma na hesabu. Kwanza, mwalimu achague maneno ya namna moja na kuyarudia yaleyale, maana anayeanza huchanganyikiwa yakibadilishwa. Mtoto akiisha kuyashika, aulizwe maana yake. Maelezo mapana yaje mwisho. Wazazi wengi huanzia mwisho, kisha hulalamika kwamba mtoto ni mzito.

Sisi wenyewe tulikosea. Mwaka ule wa 2020 tulibandika nyumbani kwetu ratiba ya vipindi vinane. Ilikosekana kengele tu. Siku ya nne tulikwenda mazikoni, na tuliporudi ratiba ilikuwa imefungiwa karanga. Tulisahau kwamba Luther, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwataka waanzishe shule, aliona yatosha mvulana akae darasani muda wa saa moja au mbili kwa siku, na msichana saa moja, kisha wajifunze kazi nyumbani. (Juu ya kuwapunguzia wasichana hatukubaliani naye.) Basi mzazi asijitwike siku nzima. Saa moja ya asubuhi, isiyovunjwa ovyo, itazaa kuliko vipindi vinane vya ukutani.

Na saa hiyo ijazwe na nini? Mama auzaye maandazi ana somo la hesabu kila alfajiri: unga kilo ngapi, mafuta ya shilingi ngapi, maandazi mangapi, faida kiasi gani. Mtoto na aiandike hesabu hiyo katika daftari, asiifanye kichwani tu. Akikosea, kibweta cha fedha kitamsahihisha. Vivyo hivyo mkulima apimaye mahindi kwa debe, au fundi akataye mbao.

Bibi asiyejua kusoma naye asijitenge. Mtoto amsomee kwa sauti habari ya Yusufu na ndugu zake, kisha bibi aulize: Kwa nini walimchukia? Ni nani aliyetaka kumwokoa? Mtoto aliyezoea kukariri atanyamaza, atarudi kitabuni kutafuta, na hapo ndipo kusoma kunapoanza. Tumeona mara nyingi kwamba sisi walimu hushindwa kulingoja jibu; twauliza na kujibu wenyewe. Bibi hana haraka, wala hawezi kuchungulia ukurasa. Kwa kazi hii atushinda.

Hatusemi mtoto aondolewe shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamdai mzazi wa Tanzania kumwandikisha mwanawe shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Marekani kumfundisha mtoto nyumbani badala ya shuleni kumekubaliwa na sheria katika majimbo yote tangu 1993. Ujerumani, nchi ya Luther mwenyewe, kwa kawaida hakuruhusiwi. Naye Luther mwaka 1530 aliandika mahubiri marefu akiwasihi wazazi wasiwaondoe watoto shuleni kwa tamaa ya mapato. Mzazi anayefundisha nyumbani humtayarisha mtoto kwa ajili ya mwalimu, na mwalimu hulitambua jambo hilo upesi.

Kwa wachungaji wenzetu twaomba jambo moja dogo. Mnapozuru nyumba za Wakristo, baada ya sala ombeni kuonyeshwa daftari la mtoto. Msikieni akisoma mbele ya wazazi, mwulizeni swali moja, kisha andikeni tarehe pembeni, ili ziara ijayo ianzie hapo. Tulipoanza desturi hii usharikani, wazazi wengine walidhani twakagua, wakaona haya. Katika nyumba moja tulionyeshwa madaftari mawili. La pili lilikuwa la baba.