USIMLAUMU HAKIMU, MUULIZE SHAHIDI ALIKUWA WAPI!

Mtu akishindwa kesi hapa Kyela, habari inafika kijiweni kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. "Hakimu kala!" Ati kapewa kitu kidogo na upande wa pili. Wenzake wote wanaitikia, "Ndivyo walivyo wale." Lakini muulize huyo aliyeshindwa shahidi wake alikuwa wapi siku ya kusikilizwa. Atakwambia kwa sauti ya chini: alikuwa bondeni anavuna mpunga.

Msomaji wangu, sisemi kwamba mahakimu wote ni malaika. Kama una ushahidi kwamba wako kala rushwa, TAKUKURU wapo. Ila ukweli usiopendeza ni huu: kesi nyingi tunazishindwa sisi wenyewe, kwa sababu tunadhani mahakamani kuna mtu mmoja tu, yule aliyekaa mbele.

NANI NI NANI MLE NDANI

Kwanza tusichanganye jaji na hakimu. Hakimu ndiye utakayemkuta Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi. Jaji yuko Mahakama Kuu, ambayo sisi wa huku tunaifuata Mbeya, na juu yake Mahakama ya Rufani. Jaji anateuliwa na Rais. Ukisikia kesi ya mauaji ya kukusudia, kwa kawaida hiyo ni ya Mahakama Kuu.

Sasa tuseme jirani yako wa Ipinda kaibiwa kakao usiku. Kampeleka mtu Mahakama ya Mwanzo. Pale mlalamikaji anasimama mwenyewe kueleza kilichotokea. Mshtakiwa naye yuko kizimbani, lakini hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakuiba! Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Mzigo wote uko kwa anayelalamika.

Kesi ikiwa Mahakama ya Wilaya, anaongezeka mwendesha mashtaka. Zamani tulizoea kumwona askari polisi, lakini kutokana na sheria ya mwaka 2008 kazi hiyo ilihamia polepole kwa mawakili wa serikali. Yupo na karani, ambaye watu wanamdharau wakati jalada na tarehe yako viko mikononi mwake. Wakili naye anamtetea mteja wake. Haamui kitu, hata awe na suti ya bei mbaya namna gani.

Na hakimu je? Yeye ni kama refa ambaye hakuwepo uwanjani goli lilipofungwa. Anategemea walioliona. Hata kama kasikia sokoni kwamba fulani ndiye mwizi sugu wa kakao, haruhusiwi kuhukumu kwa maneno ya sokoni. Na kama mshtakiwa ni shemeji yake, anapaswa kujitoa, kesi ipewe mwingine.

ENZI ZA MWAFI

Wazee wetu wa Kinyakyusa nao walikuwa na mahakama zao. Malafyale hakukaa peke yake, alikuwa na mafumu, wale wakuu wa vijiji, wakisikiliza pande zote. Mtafiti Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, kaandika mengi kuhusu hayo.

Lakini shauri la uchawi lilikuwa kimbembe. Mtuhumiwa alinyweshwa mwafi. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, kaumbuka! Yaani shahidi lilikuwa tumbo lako mwenyewe. Serikali ya kikoloni ikapiga marufuku mambo hayo. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, uchifu ukafutwa, na mahakama za kienyeji zikaingizwa kwenye mfumo mmoja ambao ngazi yake ya chini ni Mahakama ya Mwanzo.

Ule utamaduni wa wazee haukutupwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliwaweka wazee wa baraza wasiopungua wawili pembeni ya hakimu wa Mwanzo, tena ikawapa kura. Wazee wawili wakikubaliana, waliweza kumshinda hakimu kwa wingi! Kwa hiyo ule wimbo wa "hakimu kaamua peke yake" kwa miaka mingi haukuwa hata wa kweli.

KESI ILIYOTIKISA NCHI

Usifikiri haya ni ya Mahakama ya Mwanzo tu. Mnaikumbuka kesi ya Zombe? Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa Dar es Salaam. Walioshtakiwa ni polisi, akiwemo Abdallah Zombe, mmoja wa wakubwa wa upelelezi mkoani humo. Nchi nzima ilikuwa imeshahukumu vijiweni.

Agosti 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu akawaachia washtakiwa wote waliokuwa wamebaki. Watu wakapigwa butwaa! Jaji alisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba hao ndio waliua. Hakusema hakuna aliyeuawa. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, na Zombe akabaki huru. Unaona? Hasira za watu wote hazikuongeza hata mstari mmoja kwenye jalada. Kilichopimwa ni ushahidi.

WEWE SHAHIDI, HAYA NDIYO YAKO

Kwanza, jua tofauti ya kutajwa na kusikilizwa. Siku ya kutajwa kesi inapangiwa tarehe tu, na ndiyo hapo watu wanapolalamika kwamba imepigwa kalenda. Siku ya kusikilizwa ndiyo yako. Usipotokea, kesi inaahirishwa, na mlalamikaji naye akichoka na asipofika, inaweza kufutwa.

Pili, samansi si kadi ya harusi kwamba utaenda ukipata nafasi. Ni amri. Najua masika barabara zetu zinajaa maji, na kutoka Matema hadi Kyela mjini si mchezo. Basi toa taarifa mapema, usikae kimya.

Tatu, sema ulichokiona kwa macho yako. "Nilisikia mama fulani akisema" haimsaidii mtu. Na ukidanganya chini ya kiapo, kifungo chaweza kufika miaka 7.

Nne, hata kama uko peke yako, nenda. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 haidai idadi ya mashahidi. Mmoja mkweli anatosha, na kumi waliofundishwa maneno wanaweza kuangushwa kwa swali moja tu.

Tano, lugha isikutishe. Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili tangu zamani. Huko juu kumbukumbu ziliandikwa Kiingereza miaka nenda rudi, mpaka sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Na bibi anayejua Kinyakyusa tu anayo haki ya kupewa mkalimani.

Na kama kweli unaona umeonewa, usimalizie hasira zako kijiweni. Kutoka Mahakama ya Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Omba nakala ya hukumu siku hiyohiyo. Siku 30 zinakwisha haraka kuliko mshahara!

Mpunga utavunwa hata kesho, wala hauondoki shambani. Lakini jirani yako aliyeibiwa, au kijana asiye na hatia anayeozea mahabusu, ana siku moja tu ya wewe kusimama na kusema, "Mimi niliona." Usipokwenda, hukumu umeshaitoa wewe, hakimu ataisoma tu.