Mawazo, Chumvi na Presha ya Watu wa Tanga

Mtu mzima wa Tanga akikuambia ana presha, hatakuacha uondoke bila kisa chake. Ilimwanza mwaka aliofariki mumewe. Ilimwanza kesi ya kiwanja ilipofika baraza la ardhi. Ilimwanza kijana wake alipokwenda Uarabuni kutafuta kazi akakaa miezi bila kupiga simu. Ngamiani, Makorora, Chumbageni, hata ukivuka mto kule Pangani, visa hivyo havitofautiani sana. "Presha yangu ni ya mawazo, mwanangu," atakuambia bibi, na wote waliokaa barazani wataitikia kwa kichwa. Sijapata kumsikia anayesema presha yake ni ya chumvi.

Nami siwabishii hao wazee kuhusu mawazo, kwa sababu wana hoja. Mtu akipata mshtuko au akibeba hofu kwa muda mrefu, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga mbio, mishipa hubana, ini huachia sukari iingie kwenye damu, na mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Kwa mtu aliyekutana na chatu njiani, hayo ni mambo mema kabisa, na yakiisha mwili hurudi ulivyokuwa. Tatizo ni kwamba deni la kikoba, ada ya shule na mume asiyerudi nyumbani haviishi kwa dakika 10 kama chatu. Mwili unabaki macho usiku na mchana. Usingizi unakatika, hamu ya vitu vitamu inaongezeka, tumbo linajaa gesi au kuharisha bila ugonjwa wa kuonekana, mafuta yanajikusanya kiunoni, na figo zinapokea amri ya kuhifadhi chumvi na maji badala ya kuvitoa.

Hapo kwenye figo ndipo kisa cha bibi wa barazani kinapokutana na jiko lake.

Mwaka 1990 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanyika kwa jirani zetu Kenya, ukiongozwa na Neil Poulter. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi kutafuta maisha, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Haikuchukua muda mrefu. Miezi michache tu baada ya kuhamia mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, ile inayopatikana kwenye matunda, mboga na maharage. Uzito wao ulikuwa umepanda. Na mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, dalili ya mwili ulio kwenye hekaheka. Mji uliwapa wageni wake chakula kipya na wasiwasi mpya kwa wakati mmoja, vyote viwili vikaingia kwenye damu ileile.

Nikiusoma utafiti huo naiona Tanga. Mji huu ulijengwa na wahamiaji. Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai; kutokana na hiyo yakaota mashamba ya Muheza, Korogwe na bonde zima la Pangani, na manamba wakaletwa kutoka kila pembe ya nchi na nje ya nchi kuyakata majani. Kisha kamba za plastiki zikauangusha mkonge, na familia zilizoishi kwa shamba zikajikuta mjini zikitafuta kibarua. Wajukuu wa manamba leo wanaendesha bodaboda, wanauza mitumba, wanasubiri ajira kwenye bomba la mafuta ghafi linalofika Chongoleani. Hakuna wa kuwaambia wasiwaze, wala sioni maana ya kuwaambia.

Lakini kuhusu chakula kuna la kuwaambia. Nenda Deep Sea, pale vyombo vya wavuvi vinapotia nanga, usimame karibu na karai la mama anayekaanga. Vibua wamekatwa mikato mitatu kila ubavu, na ndani ya kila mkato kumesuguliwa chumvi kwa kidole gumba. Wakitolewa kwenye mafuta wananyunyiziwa tena kutoka kopo lililotobolewa kwa msumari. Mihogo ya kukaanga nayo inapata zamu yake, halafu pilipili iliyosagwa na chumvi, halafu kachumbari iliyooshwa kwa maji ya chumvi ili kitunguu kisiwashe. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana. Sahani hiyo moja inaweza kukichukua karibu chote, na bado hatujafika kwenye ng'onda wa usiku.

Simlaumu mama wa karai. Chumvi ni bei rahisi, inahifadhi samaki pasipo na friji, na mteja asiyeionja anahamia karai la pili. Ninachosikitikia ni kwamba chakula cha pwani hii, kikipunguziwa chumvi na mafuta ya kukaangia, ni kile ambacho madaktari wa nchi tajiri wanawaandikia wagonjwa wao. Samaki wabichi, kunde, choroko, mchicha, matembele, kisamvu, ndizi, machungwa ya Muheza, maziwa ya mtindi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mlo wenye matunda na mboga nyingi pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi uliteremsha presha ya juu ya watu wenye ugonjwa huo kwa zaidi ya pointi 11, bila hata kuwapunguzia chumvi. Tui zito nakubali linahitaji mkono mwepesi, maana mafuta ya nazi ni ya aina isiyoupendeza moyo. Kulifukuza kabisa jikoni kwa mtu wa Tanga siwezi kushauri, wala sidhani kuna haja. Tui la pili linatosha kwa kunde.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka Moshi, mwisho wa ile reli ya zamani ya Tanga. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea chakula cha kijijini, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu cha kusindikwa na kukaanga. Wengine wa mjini walibadilishiwa kinyume chake. Wiki mbili tu zilitosha. Waliohamia chakula cha kisasa waliongezeka uzito, damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani ambao huchangia magonjwa ya moyo na kisukari, na chembe zao za kinga zikapungua makali mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Kundi lililokunywa mbege kwa wiki moja nalo lilionyesha kupungua kwa uvimbe huo. Mbege ni kileo, na mimi siwezi kuwapelekea Waislamu wa Ngamiani habari hiyo kama ushauri. Natamani tu watafiti waje kupima togwa na mtindi, na safari hii wawaweke wanawake pia.

Uvimbe huo wa ndani hauishii kwenye mishipa ya moyo. Utumbo na ubongo vinaongea muda wote, kwa njia ya homoni na kwa mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye shina la ubongo kupitia moyoni hadi tumboni. Australia, mwaka 2017, mtafiti Felice Jacka na wenzake walichukua watu 67 wenye sonona, nusu wakasaidiwa kubadilisha mlo kwa wiki 12 na nusu wakapata mtu wa kuzungumza nao tu. Karibu theluthi moja ya waliobadilisha mlo walitoka kwenye sonona. Upande wa pili walikuwa asilimia 8. Ni kundi dogo, halimalizi mjadala. Lakini mtu anayekunywa chai yenye sukari vijiko vinne na maandazi asubuhi, chipsi mchana, soda jioni, kisha analalamika kwamba moyo ni mzito na usingizi hauji, ana haki ya kuambiwa kwamba sahani yake nayo ina neno katika hayo.

Mwezi wa Ramadhani unaonyesha mambo haya yote kwa pamoja. Mchana mwili unapumzika, watu wanazuia ndimi zao, misikiti inajaa, ugomvi unapungua mitaani. Ikiadhiniwa magharibi, zinateremka kalimati zilizozama kwenye shira, tambi za sukari, sambusa, mihogo ya nazi, juisi ya ukwaju iliyokolea sukari. Utulivu uliojengwa kutwa nzima unakutana na sukari ya wiki nzima kwa nusu saa. Wenye kisukari na wanaomeza vidonge vya presha wanatakiwa wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ili wapangiwe saa za dawa, na wengi hawaendi.

Kuhusu utulivu, vijana wetu wanapakua programu za simu zinazowafundisha kwa Kiingereza namna ya kupumua. Mafunzo hayo yalipata umaarufu hospitalini kuanzia mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipofungua kliniki yake Massachusetts, Marekani, akiwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu kukaa kimya, kufuata pumzi na kuyatazama mawazo yakipita bila kuyakimbilia. Yanasaidia. Uchambuzi wa majaribio 47, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba yanapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Haukuona kwamba yanashinda dawa au mazoezi ya mwili.

Ila utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Italia. Mwaka 2001 Luciano Bernardi aliwapima watu wazima 23 walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini, na tena walipokuwa wakikariri maneno ya ibada ya Kibudha. Katika hali zote mbili pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na presha ukaanza kwenda sambamba, hali ambayo ni nzuri kwa moyo. Aliyewahi kukaa kwenye halaka ya dhikri baada ya swala ya isha, akasikia pumzi za watu 40 zikipanda na kushuka kama ya mtu mmoja, hatashangaa. Ibada ina makusudio yake makubwa kuliko presha, nami sitaki kuigeuza kidonge. Nasema tu kwamba mtu wa Tanga mwenye tasbihi au rozari mkononi hahitaji kununua utulivu kutoka ng'ambo. Anahitaji kuizima simu na kutokuharakisha uradi wake.

Na kwamba utulivu ni sehemu ya tiba, mkoa huu ulilijua mapema kuliko majirani zake. Juu kwenye milima ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo Lutindi. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walianzisha pale, mwishoni mwa karne ya 19, makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, miaka 23 kabla ya hospitali ya Mirembe ya Dodoma kufunguliwa, na Lutindi inahesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya akili Afrika Mashariki. Hadi leo, chini ya Kanisa la Kilutheri, mgonjwa wa Lutindi hapewi dawa peke yake. Anapewa kazi: chai, bustani, ufundi wa mikono. Anakula na wenzake. Kuna saa ya kuamka na saa ya kulala. Dawa ipo, haijaondolewa kwa sababu kuna jembe, na jembe halijaondolewa kwa sababu kuna dawa.

Huo ndio msimamo wangu pia kuhusu presha. Kinachoua watu wetu kwa kiharusi ni kuamini kwamba ugonjwa wa mawazo unatibiwa kwa kuacha mawazo. Mgonjwa anaandikiwa vidonge, anavinywa wiki mbili, kesi ya kiwanja inakwisha vizuri, roho inatulia, kichwa hakiumi, anaviweka kabatini. Presha haina sauti. Inaweza kuwa 180 huku mwenyewe anaendesha baiskeli hadi sokoni akiimba. Vitunguu saumu, maji ya ukwaju na dua njema vinaweza kukaa pembeni ya vidonge. Mahali pa vidonge haviwezi kupashika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama umevuka miaka 40, au kwenu kuna aliyepooza, nenda zahanati ya karibu ukapimwe, hata kama hujisikii vibaya. Usinywe chai nusu saa kabla. Kaa kwenye kiti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, usizungumze. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena. Na ukipewa dawa, inywe kila siku, pamoja na siku zile ambazo huna wazo lolote linalokusumbua.