Mashine ya Kukata Nyasi Penye Mteremko

Mwenye bustani kubwa huko Ndalu, asipokuwa penye tambarare, asinunue mashine ya kukata nyasi kwa kutazama bei tu. Kwanza na autazame mteremko wake. Mashine ya kusukuma kwa mkono, mfano wa ile aliyoibuni Edwin Budding wa Uingereza mwaka 1830, hufaa penye tambarare. Penye mteremko yafaa ile ya petroli ambayo injini yake huendesha magurudumu. Mwenye kuifuata kwa miguu aipitishe kwa kukingama mteremko, wala asipande na kushuka, maana akiteleza visu vyaweza kumkata mguu. Nyasi zenye umande ziachwe zikauke kwanza. Penye mwinamo mkali, fyekeo latosha. Tena nyasi zisikatwe hadi chini kabisa: mvua ikinyesha, udongo ulio wazi huchukuliwa na maji.