«Ghafla» na «polepole»: majina ya milipuko ya chembe za Jua

Mara kwa mara Jua hurusha chembe zenye nishati kubwa: protoni, elektroni, viini vya atomi. Wanafizikia wanaigawa milipuko hiyo katika aina mbili, na Kifaransa cha masomo yetu kinaziita «impulsif» na «graduel». Mtafsiri mwenye haraka ataandika «ya ghafla» na «ya polepole». Mimi napinga.

Majina hayo yalianzia kwenye muda wa miali ya eksirei inayoambatana na milipuko. Leo yanataja asili. Aina ya kwanza huzaliwa pale mistari ya sumaku ya Jua inapokatika na kuungana upya. Ni midogo, hudumu saa chache, ina elektroni nyingi, na alama yake ni heliamu-3. Katika upepo wa kawaida wa Jua, penye viini 10,000 vya heliamu-4 hukuti hata 10 vya heliamu-3. Katika milipuko hii heliamu-3 yaweza hata kuipita heliamu-4. Chuma nacho huongezeka karibu mara 10 kikilinganishwa na oksijeni.

Aina ya pili huletwa na wingu kubwa la gesi linalofyatuka kutoka Jua na kusukuma wimbi la mshtuko mbele yake, kama maji mbele ya mtumbwi wenye kasi. Wimbi hilo huharakisha protoni kwa siku kadhaa. Ndizo zinazotishia wanaanga. Basi, je, ni «polepole»? Tarehe 20 Januari 2005, vituo vya ardhini vilizipima chembe za mlipuko wa namna hii kabla nusu saa haijapita tangu mwako uanze.

«Ya mwako» nalo halifai kwa aina ya kwanza, kwani milipuko mikubwa pia huja na miako. Napendekeza «ya muungano» na «ya wimbi», ingawa Mtanzania akisikia muungano atafikiria siasa kwanza.

Linabaki suala la ukoo. Mwaka 1999, Mason na wenzake walionyesha kwamba heliamu-3 imezidi hata katika baadhi ya milipuko mikubwa. Maelezo yao: wimbi hukusanya masalia ya milipuko midogo iliyotangulia, likayaharakisha tena. Kwa hiyo chembe moja yaweza kuzaliwa na muungano, kisha ikalelewa na wimbi. Kwa mlipuko kama huo ningeandika «ya wimbi lenye masalia». Ni refu, lakini halimdanganyi msomaji.