Ukungu wa Udaga katika Somo la Biolojia

Vitabu vingi vya biolojia humwonyesha mwanafunzi ukungu ulioota juu ya mkate. Mimi pia nilifundishwa kwa mfano huo nilipokuwa ng'ambo. Lakini mwanafunzi wa Butiama au Bunda anao mfano ulio bora zaidi nyumbani kwao, nao ni udaga.

Ili kupata udaga, muhogo mchungu humenywa, huanikwa kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa kwa siku tatu au zaidi. Ukungu huota, kwanza mweupe, baadaye mweusi au wa rangi ya chungwa. Ukungu huo hukwanguliwa, na muhogo uliolainika hupondwa na kuanikwa tena juani. Je, siku zote hizo ni za nini?

Muhogo una kemikali iitwayo linamarini, na una pia kimeng'enya kiwezacho kuivunja; ila viwili hivyo hukaa mahali mbalimbali katika seli. Ukungu na bakteria huzilainisha kuta za seli. Hapo kimeng'enya huifikia linamarini, sianidi hutokea, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hupotea hewani. Muhogo mchungu ulioanikwa tu, bila kuvundikwa, waweza kubaki na sumu nyingi.

Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, katika mkoa huu huu wa Mara, watu walipooza miguu kwa ghafula. Ugonjwa huo huitwa konzo, na ulemavu wake ni wa kudumu. Madaktari walioufanyia uchunguzi waliuhusisha na muhogo mchungu ambao, kwa ajili ya njaa, haukutayarishwa kwa muda wa kutosha.

Basi mwalimu atafute chupa mbili za kioo zenye vifuniko. Katika ya kwanza atie vipande vitatu vidogo vya muhogo ulioanikwa siku moja. Vipande vya chupa ya pili vichemshwe nusu saa pamoja na chupa yenyewe, kisha ifunikwe mara moja. Zote zifungwe kwa utepe, ziwekwe kivulini, na wanafunzi wachore waonayo kila siku kwa juma zima. Kioo cha kukuzia chatosha. Hadubini si lazima. Chupa zisifunguliwe kamwe, bali zifukiwe katika shimo refu, wala mtu asionje muhogo huo. Si kila ukungu ni rafiki: ule wa mahindi na karanga waweza kuacha sumukuvu isiyoondoka kwa kupikwa, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Mwisho, udaga mkavu na makopa viletwe kutoka nyumbani, au vinunuliwe sokoni kwa shule zilizo Musoma mjini. Kila mwanafunzi avunje kipande cha kila aina kwa vidole, kisha aulizwe: kuta za seli zimelainishwa katika kipi, nawe umejuaje?