Kupiga Dawa Bila Kuua Nyuki na Vipepeo

Wasomaji wengi wanatuuliza swali moja: majani ya mlimau yameliwa, mbaazi zimejaa vidudu vyeusi, hibiskasi ya mlangoni imejikunja majani, je, tununue dawa gani? Jibu letu huwaudhi wengine kidogo, maana tunawaambia waweke pampu chini kwanza, waende wakautazame ule mmea.

Tuanze na mlimau. Kile kitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani, mara nyingi si kinyesi. Ni kiwavi mchanga. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Huyo ndiye baadaye anakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, yule anayezunguka maua ya boma. Mlimau mkubwa hausumbuliwi na viwavi kumi. Mche mdogo ndio unaweza kubaki vijiti tu, kwa hiyo uangalie kila asubuhi na uwatoe kwa mkono, uwahamishie kwenye mti mkubwa ukitaka. Watoto wanaifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wazee. Dawa hapo ya nini?

Vidukari, yaani vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu kwenye ncha changa za mbaazi na hibiskasi, ni habari nyingine. Vinatoa maji matamu, na sisimizi wanayapenda hata wanavilinda kama mchungaji na mbuzi wake, wakifukuza wadudu wanaovila. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, shughulika nao kwanza. Funga kitambaa kilichopakwa grisi kuzunguka shina, na ukate matawi yanayogusa ua. Baada ya hapo wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, pamoja na watoto wao, watafanya kazi bila malipo.

Vikizidi, kata ncha zilizojaa au piga maji ya sabuni: vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu tawi moja, ungoje siku mbili uone kama majani yanaungua. Sabuni inaua kile kidudu kilicholowa tu. Ikikauka imekwisha nguvu. Basi pindua majani na upige chini yake, maana huko ndiko vimejificha.

Kwa viwavi wanaotafuna, mbegu za mwarobaini zasaidia. Ponda gramu 50 za kokwa kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja. Lakini mwarobaini haujui kuchagua kati ya kiwavi mbaya na mzuri. Upige mmea ulioshambuliwa peke yake.

Sasa tuje kwa nyuki. Hata dawa ya kienyeji isipigwe juu ya maua yaliyofunguka, na kazi yote ifanywe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Kuna dawa za dukani ambazo hata jioni haisaidii, kwa sababu mmea unazinywa na kuzipeleka mpaka kwenye chavua na maji matamu ya ua. Mojawapo ni imidacloprid, na jina hilo utalikuta kwenye lebo. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuitumia nje ya nyumba za kupandia, pamoja na ndugu zake wawili, clothianidin na thiamethoxam, kwa ajili ya nyuki. Muuzaji akikupa chupa, usimuulize tu kama inaua. Soma lebo yote, na kama imekwaruzwa au dawa imepunguliwa kwenye chupa ya soda, mrudishie.

Kama ni lazima upige dawa ya dukani, mwambie jirani mwenye mizinga siku moja kabla. Na maji ya kuoshea pampu yasimwagwe karibu na mtaro au beseni ambapo nyuki wanakunywa.